Mtani Asiye wa Mtu

Ukiiangalia video ya mazishi ya mama yangu bila kuambiwa kitu, utadhani ni vichekesho. Binamu yangu aliirekodi kwa simu, mkono unamtetemeka kwa baridi ya mwezi wa saba, na upepo wa Kaengesa, kijijini kwetu, umejaa kwenye sauti mpaka sala za katekista huzisikii. Unachosikia ni vicheko. Katikati ya picha kuna jeneza, na mbele ya jeneza kuna msichana mwenye nywele nyekundu, kavaa koti la kiume na mabuti. Anamgombeza marehemu, kisha anapewa kuku. Na watu, ndugu zangu wa damu kabisa, wameshika mbavu.

Nimeulizwa sana kuhusu ile video. Watu wa Katandala, mtaa wa mjini ninakoshona nguo, wananijia na simu zao mpaka kwenye cherehani: "Dada, huu si msiba wa kwenu?" Ndiyo, ni wa kwetu. Kaeni basi niwaeleze, maana mnayosimuliana huko ni uongo mtupu.

Mama alifia hospitali, mjini, alfajiri ya Alhamisi. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba anaendelea vizuri na Jumapili angeruhusiwa. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mimi ndiye niliyempigia baba. Hakulia. Alisema, "Haya," akakata simu. Nilipofika nyumbani Kaengesa nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, ubavuni mwa ghala la mahindi, kofia kaishusha mpaka machoni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia. Nikampa pole. Akasema, "Haya." Hilo ndilo neno alilobaki nalo.

Sasa, baba ana sukari. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na daktari alishamwambia mbele yangu kwamba vidonge bila chakula ni kujitafutia balaa. Na baba hakula. Alhamisi nikasema ni mshtuko, acha apumue. Ijumaa akanywa nusu kikombe cha chai ya rangi, basi. Sitaki kupamba maneno: kifo cha mama kilinikata vipande, lakini nilichokiogopa zaidi siku zile ni kile chakula cha baba kurudi jikoni kama kilivyotoka. Kila kiliporudi nilikuwa naona jeneza la pili.

Nilijaribu kila kitu ninachokijua. Ugali wa ulezi, laini, wa moto, kama anavyoupenda. Maharage niliyoyaunga karanga. Samaki aina ya migebuka niliyoagiza mjini kwa mtu wa bodaboda nikamsisitiza asilete iliyooza. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke wa amri ambaye hata mbuzi wa jirani wanamtii, ndiye aliyekuwa akimpelekea. Alimwandalia sinia lake la peke yake, na kitambaa cheupe juu, na maji ya kunawa kwenye jagi, utadhani anamkaribisha askofu. "Kula, kaka yangu." Baba anafunua, anaangalia, anasema "Haya," anafunika tena. Shangazi anarudi jikoni amevimba.

"Mwanaume akifiwa analazimishwa," akaniambia, "kama ng'ombe mgonjwa."

"Basi mlazimishe wewe, shangazi, pembe si unazijua?" Nilimjibu vibaya. Alinisamehe, kwa sababu ya msiba.

Jumamosi ndipo tulipozika. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje kwa ajili ya kuaga, ndugu wa mama wameshafika kutoka Mwimbi wakiongozwa na mjomba, kaka yake mama, mzee mwenye sauti nene na moyo laini. Wanawake tumekaa chini tumejifunika khanga na mablanketi. Ndipo tukasikia pikipiki inakuja kwa fujo, ikasimama mpaka vumbi likatufikia. Akashuka huyo msichana. Kichwa wazi, nywele nyekundu kama pilipili, kipini puani. Hakumsalimia mtu. Akapita katikati ya wanaume, mabuti yanagonga chini, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akalipiga kofi.

"We mama ni muongo!" akapaza sauti. "Muongo mkubwa! Si ulisema Jumapili? Si ulisema nikusubiri getini? Umeona raha gani kuniacha kama mjinga? Mtu mzima huoni hata aibu!"

Jamani. Katekista kashika kitabu mdomo wazi. Kisha mjomba akakohoa, akapiga makofi mara moja, akasema kwa ile sauti yake nene, "Ehee! Watani wamefika!"

Msiba mzima ukaangua kicheko.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu mtani ana ruhusa yake msibani. Wakati sisi tunalia, kazi yake ni kuvuruga. Anamsema marehemu, anajilaza njiani jeneza lisipite, anadai kuku ndipo aondoke, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea na anavyogomba. Humkasirikii. Ukimkasirikia mtani, watu wanakuona wewe ndiye hujalelewa. Na ni kweli anasaidia, maana kilio kikizidi sana mtu anaweza kukauka humo humo. Sisi siku hiyo tulikuwa hatujamwona mtani hata mmoja, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba msiba wetu ni mzito mno.

Kwa hiyo walimpokea kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jeneza kuliko wengine, nikamwona alivyogeuka kuwatazama waliokuwa wakicheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyezabwa kofi. Kabla hajasema lolote, mwanamke mmoja wa upande wa baba akamtia kuku mikononi.

"Kuku wa nini?" akauliza.

"Anasema kuku wa nini!" watu wakadakia. "Hajatosheka huyo! Mwongezeeni!"

Basi akabaki na kuku wake. Akaenda naye makaburini. Jeneza lilipoteremshwa, akapanda juu ya ule udongo uliochimbwa, akakaa. "Hamfukii mtu hapa," akasema. Vijana wenye majembe wakaanza kumbembeleza kwa mbwembwe, "Mtani, tuonee huruma, jua linatuacha." Akasema tena, "Nimesema hamfukii!" na sauti ikamkatika. Mjomba alikuwa anafuta machozi ya kucheka. "Huyu," akamwambia jirani yake, "huyu ni mtani aliyekamilika. Siku hizi huwapati tena wa namna hii."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeudhika, haki ya Mungu. Nilisema moyoni, utani gani huu usio na kipimo, mtu hata mama yake mwenyewe hamziki hivi. Halafu nikaona machozi yanamdondokea kuku mgongoni. Alilia bila sauti, kamkumbatia yule kuku, na kuku katulia kabisa. Baadaye akainuka mwenyewe bila kuombwa, akachota udongo kwa kiganja, akautupia taratibu, kama mtu anayetia chumvi. Vijana wakaanza kufukia.

Tuliporudi nyumbani wanawake wakamwandama. Wakamvika sweta la kijani la mama, wakamfunga kilemba chake. "Haya mtani, tuonyeshe." Akasimama kitambo katikati ya uwanja, kainamisha kichwa, mpaka nikadhani atakataa. Kisha mkono wake wa kushoto ukaenda kiunoni.

Mweh! Nilimwona mama. Ule mwendo wa kuvuta mguu kidogo, ule mkono wa kiunoni, kule kusafisha koo mara mbili kabla ya kumwambia mtu neno litakalomchoma. Akamwangalia shangazi kuanzia juu mpaka chini, akasafisha koo mara mbili, akasema, "Wifi, hilo gauni ulishonewa au ulishindwa kulikataa?" Gauni nililishona mimi. Watu wakaanguka chini. Mimi nikaanguka nao, nikacheka mpaka kicheko kikanigeukia nikawa nalia kwa sauti, na nilikuwa sijalia hivyo tangu Alhamisi.

Kisha akamwendea baba kwenye benchi lake. Akasimama mbele yake, mikono yote miwili kiunoni. "We mwanaume. Bado umekaa hapo? Soksi umebadilisha?"

Baba akainua uso. Akamtazama yule binti ndani ya sweta la mkewe. Akacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani, lakini alicheka, na shangazi akatimka jikoni akarudi na sinia mbio mbio kabla kicheko hakijapoa. Baba akafunua kitambaa. Akaangalia. Akafunika.

"Haya," akasema. "Baadaye."

Nilitamani kulitupa lile sinia shambani. Kama hata kicheko kimeshindwa, nilikuwa sina kingine.

Jumapili baada ya misa watu walianza kuaga. Yule binti alikuwa amelala na wanawake kwenye mikeka, akaamka mapema akachota maji, sasa yuko nyuma ya jiko anasugua masufuria, bado na sweta la mama, kuku wake kamfunga mguu kwenye mti wa mpichi. Mjomba akamsogelea shangazi. Nilikuwa hapo hapo, nafunga mahindi ya kuwapa wageni.

"Sisi tunaondoka sasa," akasema mjomba. "Mtani wenu mtamsafirishaje?"

"Mtani wetu?" shangazi akamkodolea. "Si wa kwenu, mmekuja naye kutoka Mwimbi?"

"Mwimbi wapi? Yule si alikuja na bodaboda kutoka mjini? Sisi tukasema hawa watu wa mjini wana watani wa kisasa."

"Na sisi tukasema hawa watu wa Mwimbi siku hizi wanapaka nywele rangi!"

Wakatazamana. Kisha tukageuka wote watatu kumtazama yule binti, na yeye akasimama na sufuria mkononi, maji yanamchuruzika.

"We binti," shangazi akasema, "wewe ni mtani wa nani?"

"Mimi si mtani wa mtu," akajibu. "Mimi sikusema ni mtani. Nyie ndio mlionipa kuku."

Mjomba akatafuta pa kukaa. "Kwa hiyo yale maneno uliyomwambia dada yangu pale... ulikuwa unamaanisha?"

"Kila neno."

Akatueleza, amesimama vile vile. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa amelazwa kitanda cha pili kutoka cha mama. Mchana alikuwa anauza chipsi mjini, jioni anakuja kumuuguza bibi, analala sakafuni katikati ya vitanda. Mimi nilikuwa namuuguza mama mchana, jioni narudi Katandala kwa wanangu, kwa hiyo hatukuwahi kukutana. Nikakumbuka mama alivyokuwa akiniambia, "Nenda tu, mwanangu, usiku nina mtu wangu." Nilidhani anasema nesi. Shangazi alidhani anasema malaika mlinzi, akafurahi sana. Kumbe alikuwa anasema huyu.

Bibi yake akafariki kabla ya mama yetu. Wajomba zake wakaja na gari, wakamchukua marehemu kwenda kumzika kwao, upande wa Tunduma, na yeye wakamwacha pale hospitali. Alikuwa amewahi kutoroka nyumbani akaenda machimbo ya dhahabu ya Chunya, akarudi na kipini na zile nywele na mdomo wa kujibizana na wazee. Wakamwambia hawataki aibu msibani. Jioni ile akajikuta amekuja tena wodini na chupa yake ya uji, kwa mazoea, hana wa kumpa. Mama akamwambia, lete huku, mimi nina njaa. Ikawa hivyo kila jioni, ila kulala pale hawakumruhusu tena, maana hakuwa na mgonjwa wake. Mama akamwahidi kwamba Jumapili akiruhusiwa wangekuja wote Kaengesa, amsaidie kupura ulezi, na chumba kipo, watoto wameondoka. Alhamisi jioni akafika na uji, akakuta godoro limekunjwa.

"Bibi sikumzika," akasema. "Nikasema huyu nitamzika, hata wanipige."

Nitasema nilivyohisi, maana sina sababu ya kuficha. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamwonea wivu. Mama yangu alimwahidi mgeni chumba, mimi aliniagiza sabuni. Uji wake alikuwa anaunywa, wangu alikuwa anasema una mabonge. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka aondoke, yote kwa wakati mmoja, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi, sikufanya kitu.

Shangazi yeye alijua. "Pole kwa bibi yako, binti. Lakini hapa ni kwa watu, si stendi. Umemtukana marehemu mbele ya katekista, tukakuchekea kwa kutokujua. Kuna wazee hapa wakisikia watasema tumelaaniwa. Vua hilo sweta uende salama."

Binti hakubishana, na mimi nilishategemea abishane. Akavua sweta, akalikunja vizuri, akanipa. Akamfungua kuku, akamkabidhi shangazi. "Na kuku wenu huyu." Akavaa koti lake, akaanza kuondoka.

Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya ghala. Baba alikuwa pale pale kwenye benchi, sinia la mchana limefunikwa pembeni yake, nzi wameshaligundua. Midomo yake ilikuwa imekauka, na asubuhi hiyo aliposimama kwenda misani alishika ukuta. Binti akasimama. Akaliangalia sinia, akanigeukia mimi.

"Dada, mzee hajala?"

"Hajala tangu Alhamisi."

"Na chakula mnampa hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi. Peke yake."

"Ni heshima yake," nikasema. "Ulitaka tumpeje?"

Akaniangalia kana kwamba mimi sina akili timamu. "Huyu hawezi kula peke yake. Bi mkubwa hakuwaambia? Tangu nyie mlipoondoka nyumbani walikuwa wanakula sahani moja, yeye na mzee, kule jikoni, mlango wamefunga watu wasiwaone. Kila usiku alikuwa ananisumbua na hilo. Anasema, 'Mimi nikitangulia, yule mwanaume atakufa na njaa chakula kikiwa tele ndani, na aibu haitamwacha aseme.'"

Huku kwetu mwanaume wa umri wa baba anakula na wanaume wenzake, au analetewa sinia lake na mke anarudi jikoni. Kula sahani moja na mkeo, kama vijana walioana jana, ni jambo ambalo wazee wenzake wangelicheka mpaka mwaka uishe. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Mimi nikamtazama baba, nikitegemea aseme ni uongo, na baba alikuwa anatazama viatu vyake, kofia kaivua, anaizungusha mikononi.

Yule binti hakuomba ruhusa ya mtu. Akachukua jagi akanawa mikono. Akakaa kwenye benchi, mgeni kabisa, na kipini chake puani, akaliweka sinia katikati yao, akafunua, akafukuza nzi, akamega.

"Mzee, huu ni ugali au tofali?" akasema, na mdomo umejaa.

"Wee!" shangazi akaruka. Mjomba akamshika mkono.

Baba aliuangalia ule mkono wa msichana ndani ya sinia lake. Kisha akanyoosha kidole na kuisukuma nyama, ile kubwa, upande wa yule binti, taratibu mpaka ikamfikia vidoleni, na mimi nikajua kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akimfanyia mama yangu miaka yote hiyo nyuma ya mlango. Akanawa. Akamega tonge. Likamshinda kidogo kooni, akalimeza, akamega jingine.

"Kula taratibu, mama," akamwambia. "Mwenzangu naye alikuwa ananimalizia."

Wakala. Shangazi akanigeukia, machozi yanamfika kidevuni na kuku bado kwapani, akaniambia nikasonge ugali mwingine, ule usingetosha.